1973: je, ni mafuta yaliyoyaua magari makubwa?

Msomaji ameniandikia hivi: "Ninaandaa kipindi cha redio cha nusu saa kuhusu mwaka 1973, magari yake na burudani zake. Mjomba wangu, aliyekuwa fundi wa magari enzi hizo, anasema hadithi ni moja tu: nchi za Kiarabu zilifunga mafuta, magari makubwa yakafa, vigari vya Kijapani vikarithi barabara. Je, ni kweli? Na nitaunganishaje habari hiyo na utamaduni wa watu bila kubabaisha?"

Mjomba wako hakukudanganya, ila hadithi ameianzia katikati. Ukianza na Oktoba, mwezi mafuta yalipokatwa, kila kitu kitaonekana kimesababishwa na mafuta. Rudi nyuma miezi sita tu, uone nani alikuwa ameshafika wapi. Ndiyo maana ningekuomba kipindi chako ukifungulie Aprili, na ukifungulie Afrika Mashariki.

Pasaka ya mwaka huo, tarehe 19 hadi 23 Aprili, East African Safari Rally ilifanyika kwa mara ya kwanza ikiwa sehemu ya mashindano ya dunia ya rali. Mashindano hayo yalikuwa mapya kabisa: yalizinduliwa Januari 1973 kule Monte Carlo, na Safari ilikuwa raundi ya nne kati ya 13. Rali nyingi za Ulaya zilipimwa kwa sekunde, kwenye vipande vifupi vya barabara vilivyofungwa kwa ajili ya madereva. Safari ilikuwa na sheria zake. Ilikuwa zaidi ya kilomita 5,000 za barabara zinazotumiwa na kila mtu, malori na mifugo humohumo, na dereva alipewa muda wa kufika kila kituo cha ukaguzi. Akichelewa, dakika alizochelewa ziliandikwa na kujumlishwa hadi mwisho. Mwenye dakika chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Na kwa kuwa Pasaka huangukia msimu wa mvua za masika, njia iliyokuwa vumbi asubuhi iliweza kuwa tope la kuzamisha magurudumu kabla ya jioni.

Mwaka huo magari mawili yalimaliza na adhabu sawasawa, dakika kwa dakika. Moja lilikuwa Datsun 240Z ya Shekhar Mehta, msaidizi wake akiwa Lofty Drews. La pili lilikuwa Datsun 1800 SSS ya Msweden Harry Källström. Ilibidi kanuni ya kuvunja sare itumike: ni nani aliyekwenda mbali zaidi tangu mwanzo bila kupoteza dakika? Alikuwa Mehta, na ushindi ukawa wake.

Huyu Mehta ningemtengea dakika kadhaa za kipindi. Alizaliwa Uganda mwaka 1945. Agosti 1972 Idi Amin aliwaamuru Waasia waondoke nchini humo ndani ya siku 90, na familia yake ikawa miongoni mwa waliopoteza makao. Akahamia Kenya. Hata mwaka haujaisha tangu amri ile, akashinda rali ngumu kuliko zote, iliyobeba jina la Afrika Mashariki yote. Mimi sijui mkasa mwingine wa magari wa mwaka huo unaogusa moyo kuliko huu, na inanisikitisha kwamba katika simulizi nyingi za 1973 hautajwi hata kwa sentensi moja. Baadaye alishinda tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982.

Sasa tazama lile jina la gari. Datsun, iliyotengenezwa na Nissan, ilikuwa imeshinda Safari mwaka 1970 na 1971, mara zote mbili mikononi mwa Edgar Herrmann. Mwaka 1972 Ford Escort ya Hannu Mikkola ikaingia kati, na Mikkola akawa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda rali hii. Mwaka 1973 Datsun ikarudi, ikachukua nafasi ya kwanza na ya pili. Ushindi mara tatu kati ya miaka minne, na bado tuko Aprili, bei ya mafuta haijapanda. Nissan ilikuwa ikileta magari yake Safari tangu 1963, miaka kumi ya kuvunjika, kurekebisha na kurudi. Mnunuzi wa Nairobi au Arusha hakuhitaji vita vya Mashariki ya Kati ili ajue kwamba gari la Kijapani linadumu. Alikuwa ameliona likipita limejaa matope, likiongoza.

Sasa ndipo uingie Oktoba. Tarehe 6 Misri na Syria ziliishambulia Israeli. Tarehe 16 nchi za Ghuba zilipandisha bei ya mafuta ghafi kwa takriban asilimia 70, na siku iliyofuata wazalishaji wa Kiarabu wakakubaliana kupunguza uzalishaji mwezi hadi mwezi. Marekani na Uholanzi ziliwekewa vikwazo kamili kwa sababu ya kuiunga mkono Israeli. Pipa lililouzwa kwa dola 3 hivi mapema mwezi huo lilifikia karibu dola 12 mwaka 1974 ulipoanza.

Picha za majira yale zina nguvu, na redioni utaweza kuzieleza kwa maneno. Tarehe 4 Novemba Uholanzi ilikuwa na Jumapili yake ya kwanza bila magari. Watu wakaendesha baiskeli na kutembea kwa miguu katikati ya barabara kuu. Tarehe 25 Novemba Ujerumani Magharibi ikafuata, tena ikaweka kwa muda kikomo cha kilomita 100 kwa saa kwenye barabara zake kuu, jambo ambalo dereva wa Kijerumani hakuwa amelizoea hata kidogo. Uingereza ilichapisha na kugawa kuponi za petroli ambazo hazikuwahi kutumika. Marekani, Rais Nixon aliomba vituo vya mafuta vifungwe siku za Jumapili, na tarehe 2 Januari 1974 akatia saini sheria ya mwendo usiozidi maili 55 kwa saa, yaani kama kilomita 89.

Mtu akiziona picha hizi, atakubaliana na mjomba wako papo hapo. Lakini tuyaangalie hayo magari makubwa yanayosemekana kufa. Yale ya Kimarekani yenye injini za silinda nane na nguvu za kupasua lami yalikuwa yameanza kudhoofika zamani kidogo. Sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 iliwalazimisha watengenezaji kupunguza moshi. Kwa magari ya mwaka 1971, General Motors ilishusha mgandamizo wa injini zake, yaani kiasi zinavyobana hewa na petroli kabla ya kuwasha, ili zikubali petroli yenye madini kidogo ya risasi, na mgandamizo ukishuka, nguvu nayo hushuka. Mwaka 1972 viwanda vya Marekani vikabadili hata namna ya kupima nguvu. Hapo awali injini ilipimwa ikiwa uchi, bila ekzosi kamili wala vifaa vinavyoinyonya nguvu; sasa ikapimwa kama inavyokaa garini, na tarakimu kwenye matangazo zikaporomoka. Kampuni za bima nazo zilikuwa zimepandisha ada kwa kijana yeyote aliyenunua gari la mbio. Magari ya mwaka 1973 yakaja na bampa nzito mbele, kwa kuwa sheria ilitaka yahimili kugonga kwa mwendo wa maili 5 kwa saa. Mlango wa mafuta ulipofungwa, mgonjwa alikuwa kitandani tayari.

Na viwanda hivyo havikuwa vimelala. Ford ilizindua Mustang II Septemba 1973, majuma machache kabla ya vita. Ilikuwa fupi na nyepesi kuliko Mustang iliyotangulia, ikatumia sehemu nyingi za Pinto, gari dogo la kampuni hiyohiyo. Katika mwaka wake wa kwanza yalitoka takriban 386,000. Wengine husema Lee Iacocca, aliyekuwa akiiongoza Ford, alibahatisha. Sikubali. Gari huchukua miaka kuundwa. Lile lilikuwa limeamuliwa mapema, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanalalamika kwamba Mustang imenenepa na wanaangalia magari madogo ya kigeni.

Kwa Wajapani, mfano unaonivutia zaidi ni Honda Civic. Iliingia sokoni Japani mwaka 1972. Kisha Honda ikaja na injini ya CVCC, ambayo fundi kama mjomba wako ataifurahia: kando ya kila silinda kuna chumba kidogo kinachopokea mchanganyiko wenye petroli nyingi. Plagi huwasha ule kwanza, na mwali wake huingia kwenye silinda kuwasha mchanganyiko mwepesi, wenye hewa nyingi, ambao peke yake ungegoma kushika moto. Petroli inaungua vizuri na moshi mchafu unapungua, bila kifaa maalumu cha kusafisha moshi kwenye ekzosi. Hiyo ilibuniwa kwa ajili ya sheria ya hewa ya Marekani, haikubuniwa kwa ajili ya foleni za petroli. Civic yenye injini hiyo ilianza kuuzwa Japani Desemba 1973, vikwazo vikiwa vimepamba moto. Kilichokuwa jibu la swali la moshi kikajikuta kinajibu na swali la bei.

Ulaya nako pande zote mbili zilikuwepo kwa wakati mmoja. Porsche ilikuwa inauza 911 Carrera RS 2.7, gari jepesi ambalo kampuni ilipanga kujenga 500 tu lakini watu wakaling'ang'ania mpaka yakafika 1,580. BMW ilionyesha 2002 Turbo Frankfurt mwezi Septemba, yenye nguvu za farasi 170, na neno "turbo" likiandikwa kinyume sehemu ya mbele ili dereva anayefukuzwa alisome vizuri kwenye kioo chake. Gari hilo lilizaliwa wakati mbaya kabisa. Yalitoka 1,672 basi. Huku Volkswagen, mwaka huohuo, ikatoa Passat: injini mbele, inayopozwa kwa maji, magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Kwa kampuni iliyoishi miongo kadhaa kwa Beetle, kile kigari cha umbo la kobe chenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa, hayo yalikuwa mageuzi makubwa, na yaliamuliwa kabla ya Oktoba.

Kuna tarehe moja nisingependa uiache. Ni hiyohiyo 6 Oktoba. Siku vita vilipoanza, François Cevert alifariki Watkins Glen, Marekani, akitafuta nafasi ya kuanzia katika mbio za mwisho za Formula One za msimu. Mwenzake katika timu ya Tyrrell, Jackie Stewart, alikuwa ameshachukua ubingwa wake wa tatu, na mbio za siku iliyofuata zingekuwa za 100 kwake, kisha astaafu. Timu ikajiondoa. Stewart akabaki na mbio 99 na ushindi 27. Julai ya mwaka huo, Zandvoort, Uholanzi, dereva Roger Williamson alikuwa amefia ndani ya gari lililopinduka na kuwaka moto huku David Purley, dereva mwenzake, akiwa amesimamisha gari lake na kuhangaika peke yake kulipindua. Wasimamizi waliokuwa karibu hawakuwa na mavazi ya kuwakinga na moto. Purley alipewa nishani ya ushujaa. Stewart alikuwa amepigania usalama kwa miaka, akibezwa na watu waliosema hatari ndiyo ladha ya mchezo. Ukizungumzia mapenzi ya kasi ya enzi ile, na gharama hiyo itajwe. Vijana wale walistahili kuzeeka.

Sasa utamaduni. Agosti 1973 ilitoka Marekani filamu ya George Lucas, American Graffiti, iliyotengenezwa kwa chini ya dola milioni moja na kuingiza zaidi ya milioni 100. Inaonyesha usiku mmoja wa vijana wakizunguka mjini na magari yao, redio imefunguliwa, Ford ya 1932 ya rangi ya manjano ikitafutwa na Chevrolet ya 1955 ili washindane. Kinachopaswa kukushtua ni mwaka wa hadithi yenyewe: 1962. Watu walikuwa wanalia kwa kumbukumbu ya mambo ya miaka kumi na moja tu iliyopita. Kati ya hapo ilikuwa imepita Vietnam, yamepita mauaji ya viongozi, sheria za usalama na za moshi zimeingia. Ule usiku wa kuzunguka bila kwenda popote, petroli ikiwa rahisi kama maji, ulikuwa umeshageuka historia miezi miwili kabla petroli yenyewe haijapanda bei. Ushahidi mzuri kuliko huo wa hoja yangu siujui: mioyo ya watu ilikuwa imeshaliaga gari kubwa.

Mwezi huohuo, tarehe 11 Agosti, katika jengo namba 1520 la Sedgwick Avenue, Bronx, New York, binti anayeitwa Cindy Campbell aliandaa sherehe ya vijana kabla ya shule kufunguliwa. Kaka yake, DJ Kool Herc, mzaliwa wa Kingston, Jamaika, alipiga muziki. Alitumia santuri mbili ili kurefusha kile kipande cha ngoma tupu ambacho wachezaji walikisubiri. Usiku huo ndio wengi wanaouhesabu kuwa kuzaliwa kwa hip-hop. Utauliza unahusianaje na magari. Bronx hiyo ilikuwa imepasuliwa katikati na barabara kuu ya Cross Bronx Expressway, iliyoanza kujengwa mwaka 1948 chini ya Robert Moses, afisa aliyesimamia ujenzi wa barabara kuu za New York. Maelfu ya watu walihamishwa nyumba zao zikabomolewa ili wenye magari wapite haraka kwenda kwingine. Mitaa iliyobaki ikadidimia, na ndimo vijana walipojitengenezea muziki wao. Kwa hiyo gari limo katika hadithi hiyo, lakini ni gari la mtu mwingine, linalopita.

Mwaka huohuo, Kenya, Rais Jomo Kenyatta alitoa agizo lililoruhusu matatu kubeba abiria wa kulipa bila leseni maalumu za usafiri. Hadi hapo magari hayo yalikuwa yanafanya kazi kwa kujificha, kwa kuwa mjini Nairobi Kenya Bus Service ndiyo iliyokuwa na haki ya kubeba abiria. Usiliunganishe agizo hili na mafuta, tafadhali. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa sababu mwaka ni mmoja. Chanzo chake ni kukua kwa miji baada ya uhuru wa 1963. Watu walihamia Nairobi, mitaa ikapanuka kuliko njia za mabasi, na mwenye kigari chake kibovu akaiona nafasi. Agizo lilikuja kuhalalisha kilichokuwa kimeshaota mizizi. Mpaka sheria ya barabara iliporekebishwa mwaka 1984, biashara hiyo ilikua karibu bila kanuni za leseni. Kanuni kali zaidi, za mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, zilikuja mwaka 2004 wakati wa waziri John Michuki.

Na hapa matukio mawili yasiyojuana yalikuja kukutana. Miaka ilivyosonga, vijana wa Nairobi waliyapamba matatu kwa michoro ya rangi kali, sura za wasanii wa hip-hop, taa na spika za kutetemesha viti. Muziki uliozaliwa kando ya barabara kuu ya Bronx mwaka 1973 ukapata jukwaa ndani ya gari lililohalalishwa Kenya mwaka 1973. Kumbuka pia kwamba kwa miaka mingi matatu ya abiria 14 iliyojaa barabara za Kenya mara nyingi ilikuwa Nissan, kampuni ileile ya Datsun iliyochukua nafasi mbili za juu Pasaka ile. Sidai kwamba ushindi wa Mehta ndio uliouza magari hayo. Sifa ya kudumu hujengwa na mafundi na vipuri kuliko vikombe. Ila uzi upo, na msikilizaji wako ataushika bila kulazimishwa.

Ukiwa na nusu saa, basi, Safari na Mehta nisingewapa chini ya dakika kumi. Oktoba na Jumapili zisizo na magari zichukue sita au saba. Matatu na Bronx ziende pamoja, na Formula One iwe fupi lakini isikosekane. Magari ya Ulaya unaweza kuyapitia mbiombio. Mualike mjomba wako studio kama atakubali, umuulize ni magari gani yaliyokuwa yanaingia gereji kwake mwaka 1972, kabla ya vikwazo. Jibu lake litakuwa na thamani kuliko langu, kwa sababu mimi nategemea rekodi na yeye alishika spana.

Jambo la mwisho la kuangalia ni tarehe. Wengi husema vikwazo vilidumu miaka. Kwa Marekani viliondolewa Machi 1974, takriban miezi mitano baada ya kuwekwa. Kilichobaki ni bei, ambayo haikurudi tena kwenye dola 3.